Nimeendesha gari München mpaka Berlin. Mbona mji mkuu haufanani na nchi yenyewe?

Mpiga Kona #1

Wakuu, salaam.

Niko Ujerumani wiki ya pili sasa. Nilikuja München kwenye harusi ya mdogo wangu. Harusi imeisha, mimi na shemeji tukaamua tukodi gari twende Berlin badala ya kupanda treni. Karibu kilomita 600, na karibu zote ni barabara moja, A9.

Usukani uko kushoto na unaendesha kulia, hilo nilijiandaa nalo. Ambalo sikujiandaa nalo ni indiketa. Gari zetu za Kijapani indiketa iko mkono wa kulia, hizi iko kushoto. Saa nzima ya kwanza kila nikitaka kukata kona nawasha waipa, jua linawaka, shemeji anacheka mpaka anashika tumbo.

Kuhusu lami sina la kuongeza, mkeka mtupu. Niliweka 130 nikajiona mwanaume. Nikiwa njia ya kati nikaona taa ndogo kwenye saitimira, kabla sijamaliza kuzitazama zimeshanipita, gari limetikisika kama limepigwa kofi. Karibu na Nürnberg tukakuta foleni, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Magari ya njia ya kushoto yakabana kushoto kabisa, yaliyobaki yakabana kulia, katikati pakabaki uchochoro mrefu ulionyooka, kama Musa amepita na fimbo. Baada ya muda ambulansi ikaja ikapita humo bila hata kupunguza. Hakuna aliyejifanya mjanja akaifuata.

Tukalala Leipzig Jumamosi. Jumapili tukamalizia, na barabara haikuwa na lori hata moja. Kumbe Jumapili malori yamekatazwa mpaka saa nne usiku.

Sasa Berlin. Unaingia kwa A115, unapokelewa na sanamu ya dubu katikati ya barabara, unasema eeh, tumefika. Halafu tukafika tulikopanga, mtaa wa Neukölln. Kuta zimechorwa mpaka ghorofa ya tatu, sijui walipandaje. Vipande vya chupa kila kona. Mabomba makubwa ya rangi ya waridi yanapita juu ya barabara kama mchezo wa watoto. Na mbele ya mlango wetu kuna sofa. Sofa la kijani, zima, limekaa njiani na karatasi imebandikwa kwamba anayelitaka alichukue.

Ingolstadt, Nürnberg, Bayreuth, Leipzig, kote tulikopita kumepigwa deki. Mji mkuu ndio mchafu. Wenyeji naombeni maelezo, hii imekaaje?

---

Pweza Mkavu #2

Picha ya sofa tafadhali. Bila picha hii ni chai.

---

Fundi Saa #3

Jibu ni fupi, ukuta. Umewekwa 13 Agosti 1961, umefunguka 9 Novemba 1989. Mji uliokatwa vipande viwili kwa miaka 28 huwezi kuufananisha na München ambayo haikuwahi kukatwa. Upande wa wakomunisti ulikuwa umechoka, na uchovu huo haujaisha.

---

Zuwena wa Spree #4

@Fundi Saa nakupinga, na nimeishi hapa miaka tisa. Neukölln anakolia Mpiga Kona ilikuwa Berlin MAGHARIBI. Kreuzberg pia magharibi. Ukitaka kuona nyumba zilizopakwa rangi kama keki nenda Prenzlauer Berg, hiyo ndiyo ilikuwa mashariki. Baada ya muungano fedha za ukarabati zilimiminwa kule. Kwa hiyo ukuta kama ndio sababu, basi ugeuze maelezo yako kichwa chini miguu juu.

Mgeni akitaka kujua yuko upande gani, aangalie taa za waenda kwa miguu. Kama kijitu cha kijani kimevaa kofia, uko mashariki.

---

Kandili #5

Dada Zuwena, hiyo ya kofia ilikuwa zamani. Kijitu kile kilibuniwa 1961 na Karl Peglau, mtaalamu wa usalama barabarani wa upande wa mashariki, ila baada ya muungano wamekipenda mno wakakipeleka mpaka magharibi. Utapotea. Bora ufuate reli za tramu. Magharibi waling'oa za kwao, mpaka leo tramu ziko karibu zote mashariki.

---

Zuwena wa Spree #6

Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Lakini Neukölln bado ni magharibi.

---

Nahodha Mstaafu #7

Mnazunguka mbuyu. Fuateni hela. Kabla ya vita Berlin ilikuwa mji wa viwanda na mabenki. Siemens ilizaliwa pale, Deutsche Bank pia. Baada ya 1945 mji umezungukwa na Warusi, nani ataacha makao makuu yake pale? Siemens ikaenda München, mabenki yakakusanyika Frankfurt. Berlin Magharibi ikabaki inalishwa na ruzuku kutoka Bonn, uliokuwa mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, kama mgonjwa wa dripu. Ukuta ulipoanguka na dripu ikachomolewa.

Hata kuwa makao ya serikali ilibidi bunge lipige kura, Juni 1991, kura 338 za Berlin dhidi ya 320 za Bonn. Tofauti ya kura 18! Na wabunge wakahamia 1999. Meya wao Klaus Wowereit mwaka 2003 aliusema mji wake mwenyewe kuwa ni maskini lakini una mvuto wa kimapenzi. Meya huyo! Kwa hiyo Mpiga Kona usitegemee deki.

Sisi tumezoea kwamba mji mkubwa ndio unaobeba kila kitu. Wajerumani wamegawana. Magari kusini, bandari Hamburg, fedha Frankfurt, na Berlin wakaachiwa siasa na muziki wa usiku.

---

Mzee wa Fuso #8

Mimi hayo ya benki siyajui, nimeendesha lori miaka 22, naongelea barabara. Ule mkeka ni kazi ya Hitler. Mtu alikuwa mbaya lakini barabara alijenga.

---

Kandili #9

Mzee wangu, hapana. Hii imerudiwa sana lakini si kweli. Barabara ya kwanza ya aina hiyo Ujerumani kati ya miji miwili, Köln na Bonn, ilifunguliwa 1932 na meya wa Köln, Konrad Adenauer, kabla Hitler hajashika madaraka. Huyo huyo baadaye akawa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Na hapo Berlin kwenyewe kuna AVUS, imefunguliwa 1921, ilikuwa njia ya mashindano ya magari. Mpiga Kona ameipita bila kujua. A115 aliyoingilia mjini, kile kipande kilichonyooka katikati ya msitu, ndiyo AVUS yenyewe.

Hitler alizikuta, akazirefusha na kuzipigia tarumbeta.

---

Mzee wa Fuso #10

Asante kijana. Ila mimi kwenye kijiwe chetu nitaendelea kusema Hitler, maana wewe hutakuwepo.

---

Mama Tausi #11

Mtoa mada umepita kimya kwenye jambo kubwa, vyoo. Mimi nilisafiri na watoto watatu Frankfurt mpaka Hamburg. Kila kituo kikubwa cha mafuta choo kina geti, unatumbukiza euro 1 ndipo upite. Unapewa kuponi ukanunulie kitu dukani, ambako soda inauzwa bei ya mbuzi. Mtoto wa mwisho alikuwa anajua kabisa. Tukikaribia sheli anaanza kujikunja.

---

Mpiga Kona #12

Mama Tausi nimecheka peke yangu kwenye treni. Zipo zile sehemu ndogo za kupumzikia zisizo na duka, choo bure, ila jiandae kisaikolojia.

@Pweza Mkavu picha nitaweka. Sofa bado lipo, na jana usiku vijana wawili wamelikalia wanakunywa bia.

Niongeze la barabarani. Si kila mahali unakimbia utakavyo, hilo nilidanganywa nyumbani. Ukikaribia mji au matengenezo unakuta 120, 100, 80. Mimi nimepigwa tochi. Ila tochi yao haina trafiki aliyejificha kwenye mkorosho, ni boksi tu la kijivu, linatoa mwanga mwekundu usoni. Sasa naisubiri barua.

---

Nahodha Mstaafu #13

Barua itaenda kwa kampuni ya gari, wao watakukata fedha ya usumbufu kwanza, halafu ndipo faini yenyewe ikufuate. Hapo hakuna "mkuu tuongee".

Na pale pasipo na kikomo bado kuna 130 inayopendekezwa, tangu miaka ya 1970. Si sheria ya kukutoza faini, lakini ukipata ajali ukiwa 180, bima na mahakama wanaweza kukubebesha sehemu ya lawama hata kama kosa ni la mwenzio.

---

Otis wa Nyanza #14

Salamu kutoka Kisumu. Swali la leseni. Mnatumia hizi zetu?

---

Zuwena wa Spree #15

Mgeni wa matembezi ndiyo, pamoja na kile kijitabu cha kimataifa. Ukihamia, leseni ya nyumbani ni miezi 6 tu, baada ya hapo ni karatasi. Unaanza upya, mtihani wa nadharia na wa barabarani. Nadharia unaweza kufanya kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kituruki zimo, Kiswahili hakimo. Nilikuwa nimeendesha Dar miaka kumi na moja, Ubungo mpaka Mbagala. Mwalimu akanipeleka mzunguko mmoja, akasimamisha gari, akaniuliza kwa upole, "Huwa unatazama begani au unamwachia Mungu?"

Jumla ilinitoka zaidi ya euro 2,000. Na mara ya kwanza nilifeli.

---

Mwana wa Mingoyo #16

Wote mnaongelea barabara na vyoo, na kuna ndugu yetu amesimama Berlin tangu 1937 hamjamsalimia. Mpiga Kona, kabla hujaondoka nenda jumba la makumbusho ya viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Mimi ni mtu wa Lindi. Nilienda na baridi yangu, nikalipa kiingilio, nikafungua mlango wa ukumbi mkubwa.

Ndugu zangu, mjusi wa Tendaguru, kiunzi cha dinosaria. Urefu kwenda juu mita 13.27. Shingo inaanza pale ambapo wewe umeshamaliza kuinua kichwa. Nilisimama chini ya mbavu nikatazama paja lake. Mfupa ule mmoja umenizidi mimi kimo. Ulitoka kilimani kwetu, kati ya 1909 na 1913. Ukabebwa kwa vichwa na mabega, watu wakitembea siku kadhaa kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi. Mamia ya vibarua. Babu yetu mmoja alikuwa anasimulia kwamba baba yake alibeba "mawe ya Mjerumani" na hakuelewa mtu mzima anataka mawe ya nini.

Pembeni yangu alikuwepo mtoto wa Kijerumani kama miaka mitano, anamwambia mama yake jina la mjusi bila kukosea. Mimi wa Lindi sikuwa nalijua.

---

Pweza Mkavu #17

Warudishe mjusi wetu. Nakazia.

---

Kandili #18

Suala limezungumzwa bungeni kwetu Tanzania zaidi ya mara moja. Wapo wanaosema arudi, wapo wanaosema tugawane mapato na utaalamu, kwa sababu kumhifadhi mnyama wa ukubwa ule si kibanda cha mabati. Tusahihishe kimoja tu, yule si mjusi mmoja. Kiunzi kile kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Na jina la kitaalamu wengi tulilosoma, Brachiosaurus, sasa wanamwita Giraffatitan. Twiga!

---

Mwana wa Mingoyo #19

Mmoja au sita, wote wa Lindi.

---

Mkwezi #20

Mkifika Berlin mnasahau kwamba hapo ndipo tulipogawanywa kama keki. 1884, wakakaa mezani na rula, wakachora Tanganyika, Kenya, Kongo. Mji uliogawa wengine nao ukagawanywa. Hiyo ndiyo sababu ya uchafu, ni laana.

---

Fundi Saa #21

Laana ipo ila rula haikuwepo pale, mkuu. Mkutano ulianza Novemba 1884 ukaisha Februari 1885, nyumbani kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, mtaa wa Wilhelmstraße. Wakapanga masharti ya kunyakua, na habari ya mto Kongo na Niger. Mpaka wetu na Kenya ni mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1886 na 1890, nje ya ule mkutano. Na hiyo ya 1890 ndiyo Mjerumani alikubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza, naye akapewa kisiwa cha Helgoland.

---

Mkwezi #22

Kwa hiyo rula ilikuja miaka miwili baadaye. Umenisaidia sana.

---

Zuwena wa Spree #23

Tubadilishe mada basi, mjue wenyeji wanafanya nini. Huko huko Neukölln kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule aliyepiga vita vya pwani kina Bushiri. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Moshi! Mpiga Kona, kwa ulipofikia unaweza kwenda kwa miguu. Na kule Wedding, sehemu nyingine ya Berlin, kuna eneo la Afrika, lina Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Mtaa uliokuwa wa Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee, tangu 2024.

---

Otis wa Nyanza #24

Sasa nimeelewa kwa nini Watanzania mnasema "shule" na sisi tunasema "skuli"... ngoja, hata sisi tunasema shule. Nimejichanganya.

---

Kandili #25

Haha. Shule kweli ni yao, Schule. Skuli utaisikia Zanzibar. Na "hela" mnayoitafuta usiku na mchana ni Heller, sarafu ndogo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mjerumani kaondoka, sarafu imekufa, neno limebaki na shida zake.

---

Mpiga Kona #26

Nimefanya kazi ya nyumbani mliyonipa. Mjusi nimemsalimia, Mwana wa Mingoyo hujatia chumvi.

Ila kilichonikamata ni kingine. Natembea Brunnenstraße, shemeji akaniambia angalia chini. Njiani kuna vibati vya shaba ukubwa wa kiganja, vimesimikwa kati ya mawe mbele ya milango, kila kimoja jina la mtu aliyechukuliwa na Wanazi kutoka nyumba hiyo. Mbele ya namba 193 nikasoma Mahjub bin Adam Mohamed. Nikarudia kusoma. Mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, alikuwa kwenye jeshi la Wajerumani vita vya kwanza akiwa mtoto, akahamia Berlin 1929, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili, akaigiza sinema. 1941 wakamkamata, 1944 akafia kambi ya Sachsenhausen. Nimeinama pale kama nafunga kamba za viatu. Watu wanapita na mikate yao.

---

Mama Tausi #27

Mungu amrehemu. Sikuwa najua kabisa.

---

Nahodha Mstaafu #28

Wala mimi. Asante kwa kutuletea.

---

Mzee wa Fuso #29

Amina. Sasa hayo mabomba ya rangi ya waridi hamjayajibu. Ni ya gesi?

---

Fundi Saa #30

Maji, mzee. Berlin imekaa juu ya bwawa. Ukichimba msingi, mita chache tu unakutana na maji, kwa hiyo wanapojenga wanayavuta kwa pampu na kuyapitisha juu kwenda mtoni au mfereji. Hata jina la mji lina harufu hiyo. Watalii wanaambiwa Berlin ni dubu, ndiyo maana sanamu zake ziko kila mahali. Wataalamu wa lugha wengi wanasema ni neno la Kislavi, maana yake kinamasi. Dubu alikuja kwa sababu ya mlio wa jina.

---

Mkwezi #31

Rangi ya waridi kwa nini?

---

Fundi Saa #32

Hapo sasa kila dereva wa teksi ana hadithi yake.

---

Zuwena wa Spree #33

Turudi kwenye uchafu, maana mmekimbia. Mimi naamini watu wa hapa HAWATAKI mji ung'ae. Mtaa ukipakwa rangi, kodi inapanda, wanahama. Jirani yangu, mama wa miaka sabini, kijana alipochora ukuta wetu alisema afadhali, wanunuzi watakimbia. Angalieni uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof. Ulifungwa 2008, eneo kubwa katikati ya mji, serikali ikataka kujenga nyumba pembezoni. Wananchi wakapiga kura 2014, hapana, tunataka nyasi. Leo watu wanaendesha baiskeli juu ya njia ya kurukia ndege. Na halafu wale wale wanalia nyumba hazipatikani, tena mimi mmoja wao.

---

Nahodha Mstaafu #34

Kupenda uchafu kwa sababu ya kodi ni matokeo ya umaskini, kwa hiyo umerudi kwenye hoja yangu bila kujijua.

---

Zuwena wa Spree #35

Umaskini gani, chumba kimoja nalipa mshahara wa mwalimu wa Dar miezi minne.

---

Pweza Mkavu #36

Na ule uwanja mpya wa ndege? Si Wajerumani hao hao wa kwenda na wakati?

---

Kandili #37

Ulitakiwa kufunguka 2012, mialiko imeshatoka, wakaahirisha wiki chache kabla ya siku kwa sababu mfumo wa kuzuia moto na moshi haukukubalika. Ukafunguliwa 31 Oktoba 2020. Miaka minane. Tangu siku hiyo sijamsema tena mkandarasi wa barabara ya kwetu.

---

Mzee wa Fuso #38

Hiyo nitaipeleka kijiweni neno kwa neno.

---

Mpiga Kona #39

Wakuu, kesho narudisha gari. Mpaka sasa nina ukuta, hela, laana, kinamasi na mama wa miaka sabini. Shemeji naye ana yake. Anasema Berlin haina shida yoyote, ni mimi nimefikia Neukölln halafu natukana mji mzima, sawa na mgeni ashushwe Manzese usiku aandike kuhusu Tanzania. Tumebishana toka kwenye mjusi mpaka kituo cha treni, maghrib ikatukuta njiani. Na maghrib hapa sasa hivi ni saa tatu na nusu usiku.

---

Pweza Mkavu #40

Picha ya sofa.

---

Mpiga Kona #41

Nimeshuka sasa hivi kuipiga. Sofa halipo. Kuna kabati.